Majina ya Mashahidi wa Uganda

Ndugu mwanafunzi, utajapo watakatifu, huenda fikra zako hukimbilia Petro, Maria au Yohane, majina yaliyotufikia kutoka mbali. Lakini katika nchi jirani ya Uganda wako watakatifu waitwao Kiwanuka, Kibuuka na Kizito. Ni majina adimu katika kalenda ya Kanisa, na historia yake yastahili kusomwa.

Kati ya mwaka 1885 na 1887, Kabaka Mwanga wa Buganda aliamuru Wakristo wengi wauawe, Wakatoliki na Waanglikana. Wengi walikuwa vijana watumishi wa ikulu. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa Novemba 1885, baada ya kumlaumu Kabaka kwa kumuua Askofu Hannington. Tarehe 3 Juni 1886 wenzake walichomwa moto Namugongo. Mnamo tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu.

Sasa yatazame majina yao. Katika dini ya jadi ya Waganda, Mukasa ni mungu wa ziwa kuu, Kibuuka ni mungu wa vita, na Kiwanuka ni mungu wa radi. Musoke ni upinde wa mvua. Balikuddembe limebeba neno “ddembe”, yaani amani au uhuru. Naye Luka aliitwa Baanabakintu. Ligawe jina hilo, “baana ba Kintu”, nawe ujuaye Kiswahili hutahitaji mkalimani: ni wana wa Kintu, baba wa Waganda wote katika masimulizi yao.

Hapa pana jambo la kutafakari. Vijana hao walikubali kufa kuliko kuikana imani mpya, ilhali walikwenda motoni na majina ya miungu ya wazee wao. Ubatizo uliwaongezea Akileo na Ambrosio. Haukuwapokonya Kiwanuka na Kibuuka. Kizito, mdogo kuliko wote, alibatizwa na Karoli Lwanga siku chache tu kabla ya kifo, na hadi leo anaheshimiwa kwa jina lake la Kiganda peke yake. Jina hilo limevuka mipaka: hata Tanzania na Kenya wako watu waliobatizwa Kizito.

Basi, mwanafunzi wangu, jina lako la nyumbani lina maana gani? Waulize wazee wangali hai, uiandike kwa Kiswahili sanifu.