Alidhani Kampata Mtu wa Gharika ya Nuhu, Kumbe ni Salamanda!

Mwaka 1726 daktari mmoja wa Zürich, Uswisi, aliitangazia Ulaya kwamba amempata mtu aliyekufa maji kwenye Gharika ya Nuhu. Yaani mifupa yenyewe kabisa, fuvu na uti wa mgongo, ndani ya bamba la jiwe lililochimbwa Öhningen, Ujerumani. Akamwita kwa Kilatini Homo diluvii testis, mtu aliyeshuhudia gharika.

Jamaa anaitwa Johann Jakob Scheuchzer na hakuwa mbabaishaji. Kuna wasomi enzi hizo walisema mawe yenye umbo la samaki au majani ni asili tu inajichezea. Yeye alibisha: hivyo ni viumbe vilivyowahi kuishi. Na hapo alikuwa sahihi! Sasa kama unaamini viliuawa na Gharika, halafu kila ukichimba ni samaki na konokono tu, lazima ujiulize watu wako wapi. Alipoliona lile fuvu la mviringo, kesi kwake ikaisha.

Ila bana, daktari mzima! Fuvu lilikuwa pana na bapa, matundu ya macho makubwa kupita kiasi. Kilichomponza zaidi ni kwamba jiwe lile halikuwa na mkia wala miguu ya nyuma.

Mwaka 1758 Johannes Gessner akasema huyo ni kambare. Mholanzi Petrus Camper naye akaja na lake: mjusi. Jiwe likanunuliwa mwaka 1802 na Makumbusho ya Teylers, Haarlem, Uholanzi, na mwaka 1811 akatua pale Mfaransa Georges Cuvier. Huyu hakutaka maneno mengi. Aliweka pembeni mchoro wa mifupa ya salamanda, akaomba ruhusa ya kuchonga jiwe pale ambapo miguu ya mbele ilipaswa kuwa. Vumbi likatoka, miguu ikatokea, vilevile kama kwenye mchoro.

Salamanda kwa sura ni kama mjusi, ila ndugu yake ni chura. Huyu alifika kama mita moja, na aliishi mamilioni ya miaka iliyopita. Scheuchzer alishafariki tangu 1733, hivyo aibu haikumkuta.

Leo mnyama huyo anaitwa Andrias scheuchzeri. Andrias ni Kigiriki, sanamu ya mtu, na hilo la pili ni la daktari wetu. Ndugu zake bado wanaogelea kwenye mito ya China na Japani, na jiwe lenyewe lipo Haarlem mpaka kesho. Itafute picha yake mtandaoni, halafu niambie hapo chini: wewe unaona mtu?