Hamu Huzaliwa na Utaratibu: Mazoea ya Kujisomea katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Ikisiri

Makala hii inajadili namna mazoea ya kujisomea yanavyoweza kujengwa miongoni mwa wanafunzi wa sekondari za kata katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Inapinga imani iliyozoeleka kwamba mwanafunzi lazima kwanza awe na hamu ndipo asome. Kwa kurejelea kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970 na utafiti wa saikolojia ya ujifunzaji, inatetea hoja kwamba hamu hufuata mafanikio, mafanikio hufuata utaratibu, na utaratibu hudumu pale tu jamii inapousimamia.

Utangulizi

Katika vikao vya wazazi na mahafali ya kidato cha nne, wasia kwa vijana ni uleule: someni kwa bidii, acheni uvivu, jitumeni. Anayefaulu husifiwa kwa moyo wake, na anayefeli huambiwa hakuwa na nia. Wasia huo hutolewa kwa mapenzi mema, lakini humtwika kijana wa miaka 14 mzigo wa kujua peke yake asome nini, lini, wapi na kwa njia gani. Akishindwa, kosa huwa lake.

Nchi yetu imefanya kazi kubwa ya kuwafikisha vijana darasani. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizaa sekondari za kata, na Januari 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne. Kufika darasani, hata hivyo, si kujifunza. Majaribio ya kielimu yaitwayo KiuFunza, yaliyofanywa mwaka 2013 na 2014 katika shule za msingi 350 za wilaya 10, ikiwemo Karagwe katika mkoa huu huu wa Kagera, yalionyesha kwamba shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuinua alama za wanafunzi wake. Fedha na vitabu ni lazima viwepo, lakini lazima pia pawe na utaratibu wa kuvitumia. Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa hapa.

Siku ya mwanafunzi wa Ngara

Ratiba za shule zetu hufuata saa ileile ya taifa, ila jua halifuati saa hiyo. Ngara iko pembezoni mwa magharibi ya nchi, mpakani mwa Rwanda na Burundi. Jua huchomoza huko takriban nusu saa au zaidi baada ya kuchomoza Dar es Salaam, na mara nyingi hukaribia saa moja asubuhi. Mwanafunzi anayetoka nyumbani saa kumi na mbili ili awahi namba hutembea gizani. Akirudi jioni hukuta maji hayajatekwa, kuni hazijaletwa na wadogo zake wanamsubiri, na giza huingia saa moja hiyo hiyo. Katika nyumba isiyo na umeme, muda wa kujisomea unaosalia ni ule wa kibatari au taa ndogo ya sola, baada ya chakula, mwili ukiwa umechoka.

Majira nayo yana amri yake. Mvua za kupandia mahindi na maharage huanza kati ya Septemba na Oktoba, na mtihani wa taifa wa kidato cha nne huanza Novemba. Wiki ambazo mtahiniwa anatakiwa kurudia masomo yake ndizo ambazo shamba linamhitaji zaidi. Biharamulo ina mvuto mwingine: machimbo madogo ya dhahabu, ambako kijana huona rika lake wakishika fedha leo, ilhali cheti kinaahidi fedha ya kesho isiyo na hakika.

Juu ya yote kuna lugha. Mtoto huongea Kihangaza au Kishubi nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza hukabidhiwa Biolojia, Jiografia na Hisabati kwa Kiingereza. Ukikusanya giza, shamba, machimbo na lugha, kumwambia kijana huyu tu kwamba ajitume ni kumnyima msaada anaouhitaji.

Daftari safi, kichwa kitupu

Tufungue daftari la Biolojia la mwanafunzi wa kawaida wa kidato cha pili. Mwandiko ni mzuri, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu, na fasili ya osmosisi imenakiliwa kutoka ubaoni kwa Kiingereza bila kosa hata la herufi. Usiku kabla ya mtihani mwenye daftari huisoma fasili hiyo mara tano, sita, hadi maneno yanamtiririka mdomoni. Sasa lifunge daftari, umuulize kwa Kiswahili: kwa nini vitunguu vya kachumbari vikinyunyiziwa chumvi hutoa maji? Wengi hunyamaza. Kitendo amekiona jikoni kwao miaka yote, na maelezo yake ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe, lakini viwili hivyo havijakutanishwa.

Kurudia kusoma noti hudanganya kwa sababu huleta hisia ya kujua. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi wasome. Baadhi walikisoma kifungu mara ya pili. Wengine walikifunika na kuandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Mtihani wa taifa haufanywi baada ya dakika tano. Tunachokifanya usiku wa kuamkia mtihani ni kujiandaa kwa kumbukumbu fupi, kisha kushangaa kumbukumbu ndefu ikikosekana.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885 kwamba tulichojifunza hupotea kwa kasi siku za mwanzo, na kwamba kukirudia kwa vipindi vilivyoachana hukiimarisha. Wahenga wetu walilijua hilo waliposema haba na haba hujaza kibaba. Robo saa ya kujipima Jumatatu, Alhamisi, na Jumatatu inayofuata ina faida kuliko saa tatu za usiku mmoja.

Hamu hutoka wapi?

Walimu wengi watajibu kwamba mwanafunzi asiye na hamu hatajipima hata akifundishwa njia hizo, kwa hiyo tuanze na hamu. Hoja hii ina uzito, lakini inapindua mpangilio wa mambo. Utafiti wa Gabrielle Garon-Carrier na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia watoto wa shule za msingi nchini Kanada katika somo la Hisabati. Ulionyesha kwamba ufaulu wa awali ulitabiri kupenda somo baadaye, ilhali kupenda somo hakukutabiri ufaulu uliofuata. Kanada si Biharamulo, na utafiti mmoja haufungi mjadala. Hata hivyo, kila mwalimu amewahi kumwona mtoto aliyechukia hesabu akianza kuzipenda siku alipopata nane ya kumi kwa akili yake mwenyewe.

Viboko navyo havitoi hamu. Hofu humleta mwanafunzi darasani na kumfanya anakili noti haraka. Haimfanyi afungue daftari Jumamosi mchana ambapo hakuna anayemwona.

Kinachobaki ni mazoea: kitendo kile kile, wakati ule ule, mahali pale pale, hadi kisihitaji tena kuamuliwa upya kila siku. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walibaini mwaka 2010 kwamba zoea jipya lilihitaji siku 66 kwa kadirio la kati, ingawa watu walitofautiana mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Ni jambo la kutia moyo kwamba kukosa siku moja hakukuharibu zoea lililokuwa likijengeka. Muhula mmoja wa shule, basi, unaweza kutosha kwa wengi, endapo kuna mtu wa kulilinda zoea hilo likiwa bado changa.

Tulikwisha kufanya hivi

Hapa ndipo historia yetu inapotufundisha. Kati ya 1968 na 1972 UNESCO na Serikali ziliendesha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya ziwa, ukiwemo Ziwa Magharibi, jina la zamani la Kagera. Mtu mzima alijifunza kusoma kupitia kazi anayoifanya: migomba, pamba, uvuvi, mifugo. Swali la faida ya elimu lilijibiwa ndani ya somo lenyewe.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, takriban watu wazima milioni 2 nchini kote walikutana katika vikundi vilivyoongozwa na viongozi wapatao 75,000 waliopewa mafunzo mafupi. Utaratibu ulikuwa mmoja: kikundi husikiliza kipindi cha redio, husoma kwa sauti sehemu ya kijitabu, hujadili, kisha huamua la kutenda, kama vile kuchimba choo, kufyeka nyasi karibu na nyumba au kuchemsha maji ya kunywa. Wakulima hawa walitoka shambani wamechoka, wengi wakiwa hawajawahi kukalia dawati. Siku, saa, mahali na mwenzio wa kukuuliza ulikuwa wapi jana ndivyo vilivyowaleta, na hamu ikakua pale walipoona choo kimesimama.

Kwa upande wa kisomo, takwimu rasmi zinasema wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka takriban theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967 hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Sensa ya 2002 ilikuta kwamba karibu watu wazima watatu kati ya kumi hawajui kusoma na kuandika. Vipimo vilitofautiana, kwa hiyo tofauti hiyo yote haiwezi kuitwa anguko. Lakini vikundi vilikufa, fedha za kampeni zikakauka katika miaka migumu ya uchumi, na stadi isiyotumiwa hufifia. Somo ni hilo hilo kwa pande zote mbili: zoea lililosimamiwa liliwainua watu, na likiachwa bila msimamizi hufa.

Kinachopendekezwa

Kwanza, vikundi vya kujisomea viundwe kwa vitongoji, si kwa mikondo ya darasa. Wanafunzi watano au sita wanaoishi jirani wakutane katika darasa la shule ya msingi iliyo karibu nao, kwa kuwa iko karibu kuliko sekondari, siku mbili zilizopangwa kwa wiki, kabla jua halijazama. Kiongozi awe mwanafunzi mmoja wao, na mtu mzima mmoja wa kitongoji apite kuwaona.

Pili, kikao kifuate hatua zisizobadilika: funga daftari, andika unachokumbuka, fungua usahihishe, mweleze mwenzako kwa Kiswahili kwa mfano wa nyumbani, kisha jaribu kusema hayo hayo kwa Kiingereza. Kiswahili hapa ni daraja la kufikia maana, na mtihani wa Kiingereza haupotezi kitu kwa mtahiniwa kuelewa anachokiandika.

Tatu, walimu watoe maswali mafupi ya kujipima kila wiki yasiyohesabiwa katika alama za muhula, yakichanganya mada mpya na za zamani. Mwanafunzi aonje kufaulu mapema na mara kwa mara.

Nne, wazazi wakubaliane na shule kuhusu siku hizo mbili. Msimu wa kupanda ukifika, kazi ya shamba ihamishiwe siku nyingine badala ya kikundi kuvunjwa.

Tano, redio irudi kazini. Ngara ina Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi wakati wilaya ilipohifadhi maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda na Burundi. Wilaya iliyozoea kujifunza kwa redio katika dhiki ile inaweza kuvipa vikundi vya wanafunzi kipindi kimoja cha maswali kwa wiki.

Wapo watakaosema kwamba mtoto mwenye njaa hahitaji ratiba, anahitaji chakula. Wana haki, na hakuna lolote hapa linalochukua nafasi ya uji shuleni, umeme vijijini au walimu wa Hisabati. Lakini mapendekezo haya hayasubiri bajeti, na hayamtaki mtoto maskini awe shujaa ili afaulu.

Hitimisho

Kijana wa Ngara na Biharamulo hana nia pungufu kuliko kijana wa mahali pengine. Anachokosa ni muda uliolindwa, njia sahihi na watu wa kusoma nao. Wakuu wa shule, maofisa elimu kata, viongozi wa vitongoji na wazazi wanaweza kumpa vitu hivyo vitatu muhula ujao bila kusubiri waraka. Tuwape vijana siku, mahali na wenzao, tuwafuatilie kwa muhula mzima, ndipo tuwe na haki ya kuzungumzia bidii yao.