Lenana ni nani?

Majuzi nilimuuliza makanga mmoja pale Kawangware, "Lenana ni nani?" Akacheka: "Si ni ile shule ya Ngong Road, mzee?"

Ni shule, kweli. Ni kilele pia, mita 4,985, katika Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya. Halford Mackinder, Mwingereza aliyeukwea mlima huo mwaka wa 1899, ndiye aliyekipa jina la Olonana, laiboni wa Wamaasai. Ulimi wa kigeni ukalifupisha.

Mwaka wa 1904 Olonana alitia sahihi mkataba uliowaondoa Wamaasai Bonde la Ufa, wakawapisha masetla. Jina lilipandishwa mlimani. Wenye jina wakapoteza malisho. Hilo, wanangu, halimo kwenye ramani.