Kusafiri na silaha ya moto kati ya majimbo ya Marekani

Kusafiri na silaha ya moto kati ya majimbo ni suala la kisheria nchini Marekani linalomhusu mtu anayemiliki bunduki au bastola kihalali kwao, kisha akavuka nayo mpaka wa jimbo jingine. Nchi hiyo ina majimbo 50, na kila moja hujitungia sheria kuhusu nani abebe silaha, aibebe wapi, kwa kibali gani na ikiwa na risasi ngapi. Jambo ambalo Vermont halihitaji hata karatasi, New Jersey ni kosa la jinai. Mpakani penyewe hakuna kizuizi wala askari, ila kibao cha kumkaribisha mgeni kando ya barabara.

Barabara kuu ya I-95, inayopanda pwani ya mashariki kutoka Florida hadi Maine, inaonyesha hali hii waziwazi. Florida iliacha kudai kibali cha kubeba bastola iliyofichwa Julai 2023, Georgia mwaka 2022 na South Carolina mwaka 2024. Maine, inakoishia barabara, haidai kibali tangu 2015. Lakini katikati yapo Maryland, New Jersey, New York na Massachusetts, majimbo yasiyotambua kibali cha jimbo jingine lolote. Msafiri yuleyule na bastola ileile, katika mwendo wa siku mbili, anatoka kwenye halali, anapita kwenye haramu, kisha anarudi kwenye halali.

Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanalinda haki ya raia kuwa na silaha, lakini kwa muda mrefu mahakama ziliyaachia majimbo uwanja mpana. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi nyumbani kwake, na mwaka 2010 ikasema inayabana majimbo pia. Juni 2022, katika kesi ya Bruen, ilitangua sharti la New York la kumtaka mwombaji athibitishe ana sababu ya pekee ya kutembea na bastola. Hata hivyo uamuzi huo haukuyalazimisha majimbo kupokea vibali vya wenzao. Leseni ya udereva ya Texas inakubalika New York. Kibali cha bastola cha Texas hakikubaliki. Majimbo mengine yana makubaliano ya kutambuana vibali, na makubaliano hayo hubadilika. Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kulazimisha utambuzi huo nchi nzima, ukakwama katika Seneti. Kufikia 2024 majimbo 29 hayakuwa yakidai kibali chochote cha kubeba bastola.

Kinga kuu ya msafiri wa kawaida inayotumika nchi nzima ilitungwa mwaka 1986, katika Sheria ya Kuwalinda Wamiliki wa Silaha iliyotiwa saini na Rais Ronald Reagan. Sheria ya 1968, iliyopitishwa mwaka waliouawa Martin Luther King na Robert Kennedy, ilikuwa imebana biashara ya bunduki. Ile ya 1986 ililegeza baadhi ya masharti na kuongeza kifungu cha njia salama. Kwa kifungu hicho, mtu asiyekatazwa kumiliki silaha anaweza kupita nayo katika jimbo lolote, hata linaloikataza, ilimradi anatoka mahali anaporuhusiwa kuwa nayo na kuibeba, na anakwenda mahali anaporuhusiwa vivyo hivyo. Njiani silaha isiwe na risasi ndani, na silaha pamoja na risasi zake zisifikike kwa urahisi kutoka wanapokaa dereva na abiria. Kwa kawaida huwekwa kwenye buti. Gari likiwa halina buti iliyotengwa, ziwe ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli; droo ya dashibodi haihesabiki hata ikiwa na kufuli yake.

Kifungu hiki hakimruhusu mtu kuning'iniza bastola kiunoni, wala hakimkingi anayekwenda kukaa. Mkazi wa Florida anayeelekea Maine analindwa akipita New Jersey. Jirani yake anayekwenda New Jersey kumtembelea dada yake halindwi, kwa sababu safari yake inaishia mahali asiporuhusiwa kuibeba. Kinacholindwa ni kusafirisha, na watu wengi hulitambua hilo wakiwa tayari mikononi mwa polisi.

Mwaka 2005 mtu mmoja wa Utah alisafiri kwa ndege kwenda Pennsylvania akiwa na bastola kwenye mzigo. Ilikuwa haina risasi, imefungiwa kwenye kasha gumu lenye kufuli, na ameitangaza kwa shirika la ndege kama inavyotakiwa. Ndege ilichelewa, akakosa kuunganisha safari Newark, New Jersey. Mzigo nao ukakawia kupatikana. Alipokabidhiwa ilibidi alale hotelini karibu na uwanja, na asubuhi, alipoitangaza bastola yake upya ili aendelee na safari, akakamatwa. Mashtaka yalifutwa baadaye, naye akafungua madai. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilimkatalia: usiku ule hotelini silaha na risasi zilikuwa mahali anapoweza kuzifikia, basi kinga ikawa imemtoka. Majaji walisema msafiri aliyekwama ana njia ya kuwaona polisi au wahudumu wa uwanja kabla ya kuupokea mzigo wake. Ushauri huo ni wa thamani, lakini ni vigumu kuona mtu aliyechoka, aliyekosa ndege usiku, angeufikiria vipi. Alifanya kila alilofundishwa, na kilichomponza ni ndege kuchelewa.

Kisa cha pili ni cha mama mmoja wa Philadelphia mwenye watoto wawili. Mwaka 2013 alisimamishwa na trafiki ng'ambo ya mto, New Jersey, akamwambia askari mwenyewe kwamba ana bastola na kibali cha Pennsylvania. Ukweli huo ulimweka hatarini kufungwa miaka isiyopungua 3. Baada ya kelele nyingi za umma aliingizwa katika mpango wa kumwepusha na kesi, na Aprili 2015 Gavana Chris Christie akamsamehe rasmi.

Mbali na kibali, yapo mambo madogo yanayotega. New York na New Jersey zinakataza magazini inayopokea risasi zaidi ya 10, na New Jersey inabana pia risasi zenye ncha ya shimo, ambazo kwingine huuzwa dukani bila maswali. Jiji la New York lina leseni yake lenyewe. Illinois inamvumilia mgeni mwenye haki ya kubeba kwao maadamu bastola inabaki garini. Michigan na North Carolina zinamtaka aliyebeba amjulishe askari papo hapo anaposimamishwa. Sheria ya shirikisho inakataza bunduki ndani ya futi 1,000 za shule, na msamaha inaowapa wenye vibali unahusu kibali kilichotolewa na jimbo ilipo shule hiyo. Cha jimbo jingine, hata kikitambuliwa hapo, hakitoshi kwa maneno ya sheria. Katika hifadhi za taifa, tangu Februari 2010, inafuatwa sheria ya jimbo ilipo hifadhi, na Yellowstone imeingia katika majimbo matatu.

Kwa ndege, silaha huenda kwenye mzigo unaokabidhiwa tu, bila risasi ndani, katika kasha gumu lenye kufuli, na hutangazwa kaunta. Mwaka 2023 wakaguzi walinasa silaha 6,737 kwenye mikoba ya kuingia nayo ndani, na zaidi ya 90 katika kila 100 zilikuwa na risasi.

Kwa wasemaji wa Kiswahili waliohamia Marekani suala hili lina uzito wa ziada. Aliyezoea nchi kama Kenya, yenye sheria moja ya silaha na leseni moja, anaweza kudhani ruhusa aliyonayo Ohio, jimbo lisilodai kibali tangu Juni 2022, itamfikisha New York. Raia akikosea hapo anakabiliwa na faini au kifungo. Mwenye ukaazi wa kudumu akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria anaweza pia kufukuzwa nchini, hata kama ameishi huko miaka 20. Aliye kwa viza ya muda, kama ya masomo, kazi au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kabisa kuwa na silaha, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji ya jimbo fulani au aingie katika misamaha mingine michache. Katazo hilo linagusa hata risasi moja iliyosahauliwa kwenye begi, pasipo bunduki yoyote.