Msitu wa Masako na Haki ya Wenyeji: Sura ya Historia ya Harakati za Mazingira Kisangani

Utangulizi

Historia ya hifadhi za misitu katika Afrika ya Kati imezoeleka kusimuliwa kama historia ya miti na wanyama. Watu waishio kando ya hifadhi hutajwa mwishoni, na mara nyingi hutajwa kama tishio. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanautazama msitu wa Masako, ulio kilomita 14 hivi kaskazini-mashariki ya Kisangani kwenye barabara ya zamani ya Buta, sambamba na chama cha wanamazingira kilichozaliwa katika mji huohuo mwaka 1994. Hoja inayojengwa ni kwamba kuulinda msitu na kuitetea haki ya jamii ni shauri moja. Masako, msitu ambao wanachuo wa Kisangani wanaufahamu vizuri, ndio unaoonyesha ni wapi shauri hilo lilipokwama.

Mipaka ya 1953

Masako ulifanywa hifadhi na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji kwa amri namba 52/378 ya tarehe 12 Novemba 1953. Eneo lake ni hekta 2,105, na umezungukwa kwa sehemu kubwa na pindo la mto Tshopo. Kijiji kilicho karibu nao zaidi ni Batiabongena, katika nchi ya Wakumu.

Amri hiyo haikuzuka peke yake. Tangu tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ilikuwa imekwisha tangaza kwamba ardhi yote iliyo tupu ni mali ya dola. Neno "tupu" ndilo lililobeba uzito wa jambo zima. Katika kilimo cha kuhamahama, shamba hulimwa kwa muda mfupi, huachwa lipumzike kwa miaka mingi, kisha hurudiwa na ukoo uleule. Mahali ambapo mtawala aliona pori lisilo na mwenyewe, mkulima aliona shamba lililolala. Hivyo mpaka uliochorwa kwenye ramani ulipita juu ya mipaka mingine iliyokuwa hai katika kumbukumbu za koo.

Uhuru wa mwaka 1960 haukuiondoa dhana hiyo. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 na sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ziliithibitisha dola kuwa mmiliki wa ardhi yote. Ni kweli kwamba kifungu cha 389 cha sheria ya 1973 kiliahidi kuwa haki za wenyeji juu ya ardhi yao zingefafanuliwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo ilisubiriwa kwa miongo kadhaa bila kutolewa.

Wakati huohuo, Masako uliingia katika maisha ya chuo kikuu kilichoanzishwa Kisangani mwaka 1963. Kitivo cha Sayansi kiliufanya kuwa uwanja wake wa utafiti. Tasnifu ya Dudu Akaibe kuhusu wanyama wadogo wa jamii ya panya, iliyotetewa Antwerp mwaka 1991, ni mfano mmoja wa elimu iliyochumwa humo. Msitu ukajulikana ng'ambo kwa wanyama na mimea yake, huku swali la ni nani mwenye msitu likibaki nje ya maabara.

Kizazi cha miaka ya tisini

Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja. Nafasi iliyofunguka ilijazwa haraka na vyama vya raia. Kisangani ilipata Groupe Lotus, lililojishughulisha na haki za binadamu, na mwaka 1994 ikapata OCEAN, chama cha wanaikolojia na marafiki wa mazingira asilia. Mwanzilishi wake, René Ngongo, alikuwa mhitimu wa biolojia wa chuo kikuu cha mji huo. Kwa maneno mengine, chama hiki kilitoka katika mapokeo yaleyale ya kisayansi yaliyoufanya Masako uwanja wa utafiti, lakini kikauliza lile swali lililoachwa.

Vita ndivyo vilivyolikomaza swali hilo. Kati ya 1996 na 2002, Kisangani ilipita mikononi mwa majeshi mbalimbali, na mbao, almasi na dhahabu zikawa hazina ya kugharimia mapigano. Katika miaka hiyo OCEAN ilifuatilia uporaji wa maliasili, kazi iliyohatarisha maisha ya waliojitolea kuifanya. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 ilikadiria kwamba raia waliouawa katika siku hizo sita walikuwa kati ya 244 na 760. Baada ya hayo, ilikuwa vigumu kudai kwamba habari za misitu ni za wataalamu wa mimea peke yao. Waliokufa walikufa katika mji uliogombewa kwa ajili ya utajiri wa ardhi yake.

Sheria mpya na ukomo wake

Amani ilipokaribia, mapambano yalihamia katika sheria. Mwezi Mei 2002 serikali ilisimamisha utoaji wa vibali vipya vya kukata mbao, na tarehe 29 Agosti mwaka huohuo ikatoka Sheria ya Misitu namba 011/2002. Vyama vya raia, OCEAN kikiwa miongoni mwavyo, vilishikilia kwamba vibali vya zamani navyo vichunguzwe. Uchunguzi ulipofikia tamati Januari 2009, vibali 65 tu kati ya 156 vilionekana kustahili. Mwaka huo Ngongo alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood.

Ushindi mkubwa zaidi, hata hivyo, ulikuwa katika kifungu cha 22, kinachoiruhusu jamii kukabidhiwa msitu inaoumiliki kwa mila. Kanuni zake zilitolewa kwa amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014. Jamii inaweza kupewa hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda.

Hapa ndipo Masako unapopasa kuangaliwa tena. Haki hiyo inahusu misitu ambayo sheria inaiita misitu ya kulindwa. Haihusu misitu iliyotengwa kuwa hifadhi za dola. Katika hifadhi, kifungu cha 39 kinawaachia wenyeji kuokota kuni kavu, kuchuma matunda na dawa, kurina asali, kuokota viwavi na konokono, na kuchukua miti ya kujengea nyumba. Kulima hakumo. Basi jamii iliyo mbali na mji, ambayo msitu wake haukupimwa na mkoloni, inaweza leo kuudai. Jamii ambayo msitu wake ulichorewa mpaka mwaka 1953 haiwezi kudai sehemu iliyomo ndani ya mpaka huo.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Ndani ya hifadhi mna mashamba na vichaka vya mashamba yaliyoachwa, na mji unaokua unaendelea kuhitaji makaa, au makala kama yanavyoitwa na wakazi wake. Anayelima humo huitwa mvamizi, na mtu asiye na haki ya kesho juu ya ardhi hana sababu ya kuiacha ipumzike leo. Kwamba mashauri ya ardhi yasiyotatuliwa huweza kumwaga damu, Kisangani ilikumbushwa mwaka 2023, mgogoro wa Wambole na Walengola ulipolipuka katika eneo la Lubunga.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba harakati zilizoanza mwaka 1994 zilibadili sheria ya nchi nzima, lakini hazikuufuta mstari uliochorwa miaka 41 kabla yake mlangoni mwa mji zilikozaliwa. Kuuhoji mstari huo si kutaka Masako ukatwe. Ni kutaka wenyeji waingizwe katika usimamizi wake kama wenye haki, kwa makubaliano yanayoandikwa.

Kwa wanataaluma wa Kiswahili kuna kazi mahsusi. Sheria za misitu za Kongo zimeandikwa kwa Kifaransa, ilhali majadiliano ya barazani huendeshwa kwa Kikumu, Kiswahili na Lingala. Madai ya kimila huhitaji ushahidi: majina ya vijito, ya vijiji vilivyohama, ya mashamba ya mababu. Ushahidi huo umo katika kauli za wazee. Usipokusanywa wakingali hai, amri ya 1953 itabaki kuwa hati pekee inayousemea msitu huo.