Taya la Mtoto na Elimu ya Pembezoni

Mwaka 1923, tabibu Mfaransa Pierre Robin alieleza jinsi taya fupi la mtoto mchanga linavyourudisha ulimi nyuma ukaziba pumzi. Tiba ya kulirefusha ina asili yake Kurgan, Siberia, mbali na Moscow: huko Gavriil Ilizarov alithibitisha kwamba mfupa uliokatwa, ukivutwa takriban milimita 1 kwa siku, huota mfupa mpya katikati. Mwaka 1992, Joseph McCarthy wa New York alitangaza matokeo ya kurefusha taya za watoto kwa njia hiyo.

Elimu hiyo, basi, ilichipuka pembezoni. Buganguzi, Muleba, nayo iko pembezoni. Kumlaza mtoto kifudifudi chini ya uangalizi, ulimi uje mbele, hakudai mashine; kunadai mkunga aliyefundishwa kulitambua taya hilo mapema. Bajeti zetu zinamfundisha?