Jua, Mwezi na Taa: Historia ya Usingizi Pwani ya Mtwara

Fungueni madaftari. Leo twajifunza habari ya usingizi.

Zamani, tangu Mikindani mpaka Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, watu walipima wakati kwa jua na mwezi. Mkulima alifuata jua. Hata leo saa zetu za Kiswahili huanza jua linapochomoza. Mvuvi alifuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Tena kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Basi mfuata maji hawezi kulala wakati ule ule kila siku. Na mvuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti samaki vizuri.

Halafu zikaja kazi za namna nyingine. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga. Kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea walijenga reli na bandari ya Mtwara. Mpango ulivunjika mwaka 1951, na baadaye reli iking'olewa, lakini bandari ikabaki. Meli haingoji jua. Mwaka 1982 gesi iligunduliwa Mnazi Bay, na miaka mingi baadaye ikawasha taa za umeme mjini Mtwara. Tangu hapo watu wengi zaidi wanakesha: walinzi, wauguzi, wenye maduka, na watazamaji wa simu.

Je, mwili wasemaje? Mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi za usingizi kila siku. Akikosa kwa muda mrefu, hupata hasira upesi na huzuni. Tena hatari ya shinikizo la damu na kisukari huzidi. Nawe mwanafunzi, jua hili: ubongo huhifadhi masomo wakati umelala. Asiyelala husahau.

Mwanga nao una kazi yake. Taa kali usiku huuambia ubongo kwamba bado ni mchana. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza habari za Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, walioishi bila ya umeme. Hawakulala mara giza lilipoingia. Walikaa macho muda wa saa 3 hivi. Lakini waliamka karibu na alfajiri kwa desturi, na wachache sana walilalamika kukosa usingizi.

Basi yafaa tufanye nini? Lala na kuamka kwa wakati wako uliozoea. Zima taa, weka simu mbali. Tandika chandarua, maana mbu wa malaria huuma usiku. Na kama jirani yako karudi baharini alfajiri, akalala mpaka adhuhuri, usimwite mvivu. Anadai usingizi wa jana. Waambie watoto wakacheze mbali na dirisha lake.

Maswali:
1. Kwa nini mvuvi hawezi kulala wakati ule ule kila siku?
2. Bandari na umeme vilibadili nini?
3. Nyumbani kwako, ni nani akosaye usingizi, na mtamsaidiaje?

Kwaherini, na mlale salama.